Baharia wa Ukutani

Shirika letu la umma lilipofungwa, sisi wafanyakazi tuliambiwa kila mmoja achague kitu kimoja katika mali za ofisi aende nacho nyumbani, kiwe kumbukumbu ya utumishi wake. Tangazo lilibandikwa asubuhi. Mimi asubuhi ile nilikuwa mgahawani nikiwaeleza wenzangu, huku nikila vitumbua vyao, kwamba shirika kama letu haliwezi kufungwa hata siku moja. Niliporudi ofisini feni zilikuwa zimekwisha kuondoka. Jokofu la mkurugenzi lilikuwa juu ya mkokoteni, limefungwa kamba, likielekea Buguruni kwa dereva wetu. Mhudumu wa usafi alikuwa anatoka getini na taipureta kichwani. Meza, viti, mapazia, hata kile kipande cha zulia ambacho sisi wadogo hatukuruhusiwa kukikanyaga, vyote vilishapata wenyewe. Ilibaki picha moja kubwa ya meli, kwenye ukuta wa chumba cha wageni wa mkurugenzi.

Nikaichagua. Nasema nikaichagua kwa sababu ndivyo nilivyowaeleza watu kwa miaka mingi, kwamba niliviona vitu vyote, nikavidharau, nikaitaka picha.

Ilikuwa picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Mwingereza zama za Malkia Viktoria. Hayo sikuyabuni. Nyuma yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa, ila mende walikuwa wamekula jina la mchoraji na jina la bandari, wakatuachia jina la Malkia tu. Bahari yake haikuwa ya buluu. Ilikuwa na rangi ya chai iliyokosa maziwa, imechafuka, na mbingu yake nayo imechafuka vilevile. Kulikuwa na meli za milingoti na matanga, na ya katikati ilikuwa na matanga na bomba la moshi pamoja, maana mwenye nayo hakuwa na imani na kimojawapo. Kwa mbali palionekana mnara wa taa, ukuta wa ngome, na mji uliofunikwa na moshi. Karibu kabisa na mtazamaji, chini, palikuwa na mashua ndogo imeinama upande kwa wimbi, ndani yake wanaume wanapiga makasia, na mmoja wao hakuwa na kofia.

Niliibeba kichwani mpaka Temeke. Njiani watu waliniuliza kama nimenunua kioo.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba, na ukuta mkuu wa sebule ulikuwa na mwenyewe: picha ya Al-Kaaba ndani ya fremu ya kioo, zawadi ambayo mama aliletewa na dada yake alipotoka kuhiji. Nikaihamishia juu ya mlango, nikapigilia msumari wa nguvu, nikatundika meli zangu. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kutazama.

"Hawa watu wote wanakuja kula hapa?" akauliza.

"Mama, hii ni sanaa."

"Mie nitaswalia wapi?"

Hakugomba. Mama yangu ni mtu wa pwani, na ugomvi wake hauna kelele. Kila sala ilipoingia aliifunika picha kwa kanga, maana hakuwa tayari kusujudu mbele ya Wazungu waliomo kwenye mashua. Na kanga, kama ajuavyo kila aliyelelewa Uswahilini, haifuniki tu, inasema pia. Wiki ya kwanza meli zangu zilivaa "Majivuno hayafai". Nilipojifanya sikuona, zikavaa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Nikawa nikiingia sebuleni natazama kwanza ukutani nijue siku ile nimekosa nini.

Lakini sikuiondoa, kwa sababu nilikuwa na haja nayo. Nilikuwa karani mwandamizi wa masjala, mtu wa tai na kalamu mfukoni, na sasa nilikuwa nauza vipuri vya baiskeli kwenye kibanda cha mabati Tandika, grisi imejaa kwenye kucha. Ndiyo yalikuwa mabadiliko yenyewe: soko huria limekuja, kila mtu huru, na mimi nilikuwa huru kuuza tyubu na minyororo. Mtu aliyepokonywa tai yake hutafuta mahali pengine pa kuning'iniza heshima. Mimi niliining'iniza kwenye msumari ule.

Nikawa mtaalamu. Mgeni akiingia nyumbani kwetu, kabla hajamaliza kuvua viatu nimeshaanza. Bandari ile, nilisema, ni Liverpool. Siku nyingine ilikuwa Southampton, ilitegemea mgeni ni nani na kama aliyetangulia bado anasikiliza. Ile meli ya katikati nilimwambia jirani yetu fundi cherehani kwamba ilikuwa inapeleka chai. Kwa mwalimu wa madrasa nilisema imebeba mahujaji. Nilikuwa nanyoosha rula ya mbao, nagusa mlingoti huu na ule, nasema majina ambayo nilikuwa nayatunga palepale, na watu wazima wenye akili zao walikuwa wakitikisa kichwa.

Na huyo mtaalamu wa bandari hajawahi kuvuka hata kwenda Zanzibar. Bahari siiwezi, sikuiweza utotoni na siiwezi leo. Pantoni ya Kigamboni, ambayo ikiondoka Feri inafika kabla hujamaliza kikombe cha kahawa, mimi hunishusha nikiwa siwezi kusema jina langu. Hata picha yenyewe ilinishinda. Mchoraji yule alijua kazi yake, mawimbi yake yalikuwa yanapanda na kushuka kweli, na nikila huku nayatazama tumbo lilinigeuka. Kwa hiyo nilikula nimeyapa mgongo. Wageni niliwaambia nakaa vile ili wao wapate kuona vizuri.

Msichana niliyekuja kumposa nilimwona kwenye harusi Magomeni. Alikuwa anagawa pilau, akawapa wote waliokaa kwenye mkeka wetu, akaniruka mimi. Nikamwita kulalamika. Akanitazama, akatazama tai niliyovaa katikati ya watu wenye kanzu, akasema, "Samahani kaka, nilidhani wewe umekuja kukagua." Akanipa nyama mbili za ziada. Alikuwa akifundisha watoto wa chekechea Kinondoni, kwao ni huko huko, na alikuwa na kicheko cha pembeni ambacho alikizuia kwa mkono bila kufanikiwa. Nilimpenda. Nalisema hili bila mzaha, ili msomaji ajue kwamba katika yote haya nilikuwa na jambo moja la kupoteza, na ni yeye. Umri ulikuwa umesogea, na posa zilizokwisha kunirudia kabla ya hapo sitazitaja idadi.

Mshenga wetu alikuwa yule yule fundi cherehani, mtu mzima mwenye ulimi wa asali. Kosa lake lilikuwa moja tu, alikuwa amekaa chini ya picha yangu mara nyingi mno. Alipofika Kinondoni kwa wazee wa binti alitaja ukoo wangu, dini yangu, kazi yangu akaipita haraka, kisha akataka kupamba. Akasema kijana wetu anazijua bandari za Ulaya kama vyumba vya nyumba yao. Wakamuuliza kama nimeshafika huko. Akajibu, kwa nia njema kabisa, "Mwili bado, lakini moyo wake uko huko siku nyingi."

Kwa desturi zetu posa haijibiwi papo hapo. Upande wa mke hutuma mtu wa kuchungulia anakokwenda binti yao: kama nyumba inafagiwa, kama mama mkwe ana mdomo, kama bwana mwenyewe hajaficha mke mwingine chumba cha uani. Anayetumwa hasemi ametumwa, na wenyeji hawasemi wanajua. Kwetu alikuja shangazi yake binti, mwanamke mnene mwenye macho ya askari, akidai anatoka msibani Mtoni, kiu imemshika, anaomba maji. Nyumba ilikuwa imesuguliwa mpaka kuta zinang'aa. Picha yangu mama aliifunika tangu asubuhi kwa kanga mpya, akanionya, "Leo uiache ilale."

Mama akaenda kuchukua maji. Mimi nikabaki na mgeni, na kimya, na kanga ile ukutani. Kimya kikanishinda. Nikainuka, nikaivuta kanga.

Shangazi akainua macho, akayaacha huko juu.

"Hizo meli ni zako, baba?"

"Zangu, shangazi," nikasema kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi. "Huwaga nazitazama kila jioni nikitoka kazini. Nikikaa hapa, mwili uko Temeke, lakini mie mwenyewe niko huko."

"Huko wapi?"

"Ng'ambo, shangazi."

"Ukipata nafasi utakwenda?"

Niliona ni swali la kupima kama nina malengo. Mwanamume asiye na malengo nani atampa mke? Nikachukua rula.

"Shangazi! Hata leo. Hata kwa kulala juu ya makaa ya mawe ndani ya ile ya katikati, nakwenda."

Mama aliporudi na maji, shangazi alionja kidogo tu, akakirudisha kikombe kwenye sinia, akaaga. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilirudi napiga mluzi.

Jibu lilikuja na mshenga, aliyeingia bila kuvua kofia. "Imerudi," akasema. "Wanasema binti yao hawamuozi baharia."

"Baharia gani?"

"Wewe."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka ninakaa Temeke. Miaka ile vijana wetu walikuwa wakizamia: wanapenya bandarini, wanajificha ndani ya meli za watu, wanakwenda Ugiriki, Afrika Kusini, popote itakapotia nanga. Mtaani tuliwaita mabaharia, na kila mmoja utamjua kwa ukuta wa geto lake, kile chumba chake cha ujana. Atakuwa amebandika picha ya meli, aliyoichana kwenye kalenda, na analala chini yake miezi na miezi, mpaka siku moja kitanda kinakutwa baridi na rafiki zake wanakuja kumwambia mama yake. Wengine walituma jinzi na redio. Wengine hawakutuma hata salamu. Kwa mzazi yeyote wa Dar es Salaam, meli kwenye ukuta wa kapera haikuwa sanaa hata kidogo, ilikuwa kuaga. Na mimi nilikuwa nimetundika kubwa kuliko zote, tena yenye fremu ya dhahabu.

"Kuna jingine," mshenga akasema, na sasa alivua kofia. "Yule binti ana kaka yake mkubwa. Alizamia. Hajulikani alipo."

Binti mwenyewe aliwahi kuniambia kaka yake yuko safarini, nikadhani ni dereva wa malori. Mshenga akaeleza kwamba mama yao tangu hapo haendi Feri, samaki ananunuliwa na majirani, na neno bahari halitamki. Anasema "huko kwenye maji". Nikatazama ukuta wangu, nikaona aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Jioni ile sikula, si kwa kichefuchefu.

Mama alinitazama siku mbili tatu nikizunguka na mdomo umefungwa, jambo ambalo hakuwa amelizoea. Akavaa buibui lake la kutokea, akamchukua mshenga, akaenda Kinondoni mwenyewe. Yaliyosemwa huko niliyapata baadaye kwa binti, na mpaka leo hunikumbusha kila akiona nimeanza kujisikia.

"Mwanangu mie baharia?" mama aliwaambia. "Jamani, huyu alikuwaga analia kwenye beseni! Baba yake kampeleka Kigamboni Idd Mosi, karudi kabebwa kama gunia la mkaa. Mvua ikituama uani anazunguka kwa ukutani. Mwanangu ana aibu zake nyingi, anasema sana, na kazi zake anaanza asubuhi anamaliza mchana wa kesho. Lakini kuzamia? Hata kisimani hachungulii."

Alitumia alasiri nzima kunibomoa, tofali kwa tofali, ili nipate mke. Wazee walitikiswa kidogo. Shangazi hakutikisika.

"Hayo ni maneno ya mama kwa mwanawe, wifi yangu," akasema. "Sie tunataka kuona."

Ikakubaliwa kwamba Jumapili shangazi atakuwa na safari ya kumwona jamaa yake Kigamboni, na sisi, kwa bahati tu, tutakuwa na safari hiyo hiyo. Binti atakuwepo, mbali kidogo kwa heshima. Mimi kazi yangu ilikuwa moja, kuugua. Hakuna mwanamume katika historia ya posa za pwani aliyepewa mtihani rahisi kuliko ule.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilivaa shati jeupe, nikafunga tai, na mfukoni nikatia ndimu, maana mtu wa kichefuchefu akinusa ndimu hupata nafuu. Nilijiambia ni ya dharura. Pantoni ilipoondoka Feri, nikamwona binti amesimama upande wa pili na ushungi wake wa kijani, ananitazama. Basi. Mgongo ukanyooka wenyewe. Nikashika chuma kwa mkono mmoja, mwingine nikaupeleka puani na ndimu ndani ya kiganja, nikatazama mbele kama mtu anayetafuta mnara wa taa. Maji siku hiyo yalikuwa yametulia. Tulifika Kigamboni nikiwa nimesimama wima, mkavu.

Shangazi alishuka akinitazama kwa huzuni. "Huyu kazaliwa melini," akamwambia mshenga.

Mama alinivuta pembeni kwa tai. Akanifungua kiganja, akaiona ndimu.

"Unataka mke au unataka sifa?"

Jibu la kweli lilikuwa vyote viwili. Mama akaitupa ndimu. Kisha akaninunulia mihogo ya kukaanga, akaninunulia pweza na mchuzi wake, akaninunulia madafu, akasimama juu yangu mpaka nimemaliza, kama nilivyokuwa nikinyweshwa uji nikiwa mdogo. "Ongeza," alikuwa akisema. "Kula, mwanangu. Kula uoe."

Wakati wa kurudi upepo uliinuka. Tulibanwa karibu na lori la dagaa, na bomba la moshi la pantoni likatugeukia. Nilipambana. Wallahi nilipambana, hata pale, hata nikijua kwamba nikishinda nimekosa mke. Nilihesabu misumari kwenye bodi la lori. Nilisoma aya zote nilizofundishwa. Katikati ya mlango wa bandari pantoni iliinama upande kidogo tu, na mihogo, na pweza, na madafu, vyote vikakumbuka vilikotoka. Niliinama, tai ikatangulia.

"Alhamdulillahi!" shangazi akapaza sauti, na hakuishia hapo. Akapiga vigelegele. Mama akampokea. Abiria waligeuka kutafuta bibi harusi, wakaniona mimi nimekumbatia tairi la lori. Kuli mmoja akaniinamia kwa huruma. "Braza, pole sana," akasema, "ila hapa bado hatujafika baharini." Yule binti alikuwa amegeukia upande wa maji, mabega yanamtetemeka. Anadai mpaka leo kwamba alikuwa analia.

Shangazi aliporudi Kinondoni alinisifu kwa moyo wote. Alisema katika maisha yake hajaona mwanamume asiyefaa kwa bahari kiasi kile. Lakini neno la mwisho halikuwa lake, lilikuwa la mama mzazi wa binti, na mama huyo alituma kusema kwamba anataka kuiona hiyo picha kwa macho yake.

Hilo halifanyiki. Mama wa mke haingii nyumba ya mkwe kabla ya ndoa, na mkwe mwenyewe akimwona barabarani hupisha njia. Tuliogopa. Nikapanda kwenye kiti niitoe picha, niifiche uvunguni, niichome, sikujua. Mama akanizuia.

"Iache. Kaomba kuiona, ataiona."

Alikuja baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo kuliko nilivyomtarajia, amevaa buibui lililopauka. Mama akampokea kwa mikono miwili, akamwingiza sebuleni, na yeye mwenyewe akaishusha kanga ukutani. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda karibu na mlango, macho chini kama inavyopasa.

Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Nilikuwa namwona miguu tu. Ilisogea mbele kidogo, ikasimama tena.

"Nasikia unaijua hii bandari, baba," akasema.

Maneno yalikuwa yameshafika kooni. Liverpool ilikuwa hapo, Southampton ilikuwa hapo, chai na mahujaji walikuwa hapo. Rula ilikuwa imelala mezani.

"Siijui, mama."

"Hata jina lake?"

"Hata jina. Mende wamelila."

"Na hawa watu?"

"Ni watu wa zamani sana, mama. Wote walishakufa."

Lilinitoka, nikatamani ardhi inimeze. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, nimemwambia mama yule neno lile. Mama yangu nilimsikia akivuta pumzi.

"Najua ni wa zamani," akasema yeye, taratibu. "Mie si mtoto. Sikuja kuwatazama wao. Nimekuja kuona maji yenyewe yakoje huko. Kila siku nayafikiria, siyapati. Nilikuwa nafikiria ya buluu, kama ya kwetu."

Nikainua macho, ingawa haifai. Alikuwa amenyoosha kidole karibu na turubai bila kuigusa, kwenye ile mashua ndogo ya chini.

"Huyu mmoja hana kofia," akasema.

"Hana, mama."

"Na baridi yote hii."

Mama yangu alikuwa amesimama kando yake na kanga mikononi, ameikunja, maneno yameingia ndani. Akamshika mkono. Walisimama hivyo, wawili, na kwa mara ya kwanza tangu picha ile iingie nyumba yetu hakuna mtu aliyeielezea. Nilitaka kulia na sikujua nina haki gani.

Posa ikakubaliwa. Mshenga alipokwenda kuuliza haki za wazazi, mjomba akataja kilemba chake, cha kawaida. Mama wa binti akaulizwa mkaja, ile zawadi anayopewa mama wa bibi harusi kwa kukumbuka nguo aliyojifunga tumboni alipozaa. Wengine huomba doti za kanga, wengine kitanda. Mshenga alirudi Temeke amejishika kiuno.

"Anataka picha," akasema.

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulifunguka papo hapo. Haukufunguka. Kwanza nilimuuliza mshenga kama alimtajia doti za kanga, tena nzuri, za India. Mtu unaweza kutapika mbele ya pantoni nzima na bado ubaki na majivuno ya kukutosha mwaka. Mama alisikia kutoka jikoni, akaja na kiti, akapanda mwenyewe, akaitoa picha kwenye msumari. Tukaipeleka Kinondoni kwa mkokoteni, imefunikwa kanga, mama anatembea kando yake ameishikilia isitikisike. Siku ile ile Al-Kaaba ikarudi mahali pake. Msumari ulikuwa wa nguvu, hatukuhitaji kupigilia mwingine.

Mama mkwe aliitundika chumbani kwake, mkabala na kitanda. Mwanawe hakuleta habari, si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Sisi tulioana, tukazaa, kibanda cha vipuri kikawa duka. Nilizoea kumwamkia mkwe wangu kila Ijumaa, naketi kwenye kiti kilichoitazama ile picha, maana ndicho kiti pekee. Miaka ilivyokwenda macho yake yakaingia ukungu, akawa anaiona fremu tu, na ndani yake weupe. Ndipo alipoanza kuniuliza mimi, ambaye alikwisha kusikia zamani kwamba ni mtaalamu.

"Hebu nitazamie, baba. Leo maji yao yamekaaje?"

Nainuka, nasogea karibu. Bahari imechafuka vilevile. Mashua imeinama upande vilevile, na yule asiye na kofia anapiga kasia, na wimbi liko juu yake. Tumbo langu linageuka, mate yananijaa mdomoni.

"Yametulia, mama," namwambia. "Yametulia kabisa."